Pumzi Niliyokuja Nayo

Jumatatu, 3 Machi

Nimeliona tangazo saa nne asubuhi kwenye ubao wa bwawa la kuogelea la manispaa, kati ya funguo zilizookotwa na mazoezi ya viungo kwa wajawazito. Kuzamia kwa mtungi wa hewa! Siku tatu bwawani, Jumamosi safari ya pwani, kwenye matumbawe. Kina: mita saba. Nafasi iliyobaki: moja. Umri: mwisho miaka sitini na mitano.

Mita saba. Sisi tulikuwa tunashuka huko kwa pumzi moja na kaptura. Miaka arobaini na sita sasa tangu tuondolewe kupisha upanuzi wa bandari. Matumbawe yetu yamelala chini ya gati la zege, na juu yake wamepanga makontena. Haya ya kwenye tangazo si yetu. Lakini bahari ni ileile, na samaki hawakupewa notisi ya kuhama. Daktari wa macho ameniambia jicho la kushoto limeshakwenda, na la kulia halifiki mwisho wa mwaka. Nataka nimwone pono mmoja, yule samaki mwenye mdomo wa kasuku, akitafuna jiwe kabla pazia halijashuka. Ni hilo tu.

Nilipogeuka, nani yuko nyuma yangu? Shemeji. Kaka wa marehemu mke wangu, jirani yangu wa ghorofa moja chini yangu, mpinzani wangu wa kudumu. Eti anasoma tangazo la funguo. Funguo gani? Shemeji hajapoteza kitu tangu siku tulipopoteza vyote.

Tatizo dogo: nina miaka sabini na miwili. Lakini nani anajua? Siku ya kuandikishwa huku ugenini hatukuwa na hati hata moja. Karani alizitazama ndevu zangu, akaandika mwaka. Kilichoandikwa kwa ndevu kinaweza kusahihishwa kwa ndevu. Nimenyoa.

Jumanne, 4 Machi

Kwa miaka yote hii mimi na shemeji tumegombania ukubwa. Nani kazaliwa kwanza, nani aketi kwanza, nani aamkiwe kwanza. Hakuna hati, kwa hiyo hakuna mshindi.

Leo mezani kwa karani wa bwawa mambo yamepinduka. Shemeji kaniwahi, tena kavaa kofia ya mjukuu wake. Akamweleza karani kwamba yeye ni kijana tu. Huyu mzee anayekuja nyuma ndiye aliyembeba mgongoni. Mimi nimbebe! Nikamwambia karani kwamba mimi nang'oka meno ya utoto, bwana huyu alikuwa ameshaanza kukohoa mlangoni kama baba mwenye nyumba. Shemeji akaapa kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kutembea. Foleni nzima ikaacha kusukumana ili isikie.

Mwalimu wa kuzamia akatoka, binti mdogo mwenye sauti ya nahodha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, babu zangu, mkiendelea hivi mtarudi tumboni. Umri haumtishi, tulete vyeti vya daktari, na atakayefaulu mtihani wa bwawani Ijumaa ndiye atakayepanda mashua.

Ndevu nimenyoa bure. Kidevu kinaona baridi.

Jumatano, 5 Machi

Kwa daktari asubuhi. Presha nzuri, moyo mzuri, mapafu ya mpiga tarumbeta. Macho hayakuulizwa kwenye fomu, sikuwakumbusha. Nikamdokezea daktari, kwa nia njema kabisa, kwamba shemeji wangu anakoroma kiasi cha kutikisa vikombe. Daktari akafungua faili. Shemeji alishapita jana mchana, akafaulu, na akaacha ujumbe kwamba mimi huwa nazungumza na kuta.

Mchana bwawani. Mwalimu katufunga mitungi migongoni, katupa kanuni ya kwanza, ya pili na ya mwisho: usibane pumzi kamwe. Vuta, toa, vuta, toa. Ukibana, mapafu yanakuwa puto, yanakupandisha, na yanaweza kupasuka.

Kuniambia mimi nisibane pumzi! Pwani yetu nzima ilinijua kwa hilo. Nilikuwa nakaa chini mpaka hesabu ya mia mbili, mke wangu kwenye mtumbwi, mkono kwenye kamba, anahesabu kwa sauti. Nikamweleza mwalimu. Shemeji akadakia, mbele ya darasa zima, kwamba dada yake akifika sitini alikuwa anarukia tisini, ili nikitoka nifurahi.

Nikashuka. Kila maji yaliponifunika, kifua kilijifunga chenyewe kama kilivyozoea, nikaibuka kama kizibo. Mara nne! Na shemeji, ambaye kwetu hakuweza kubana pumzi muda wa chafya moja, alikaa juu ya vigae vya chini ametulia kama birika, mapovu yakipanda kwa adabu.

Nimelifikiria lile jambo la sitini na tisini. Huenda ni kweli. Hakupenda nitoke majini nikiwa na huzuni.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango: uzito. Wazamiaji huvaa mkanda wenye vipande vya risasi ili wazame. Nikachukua vipande viwili vya ziada bila kuonekana, nikavitia mifukoni mwa kaptura. Kuzama, nilizama. Sijawahi kuzama vizuri namna ile. Nikakaa juu ya vigae, mkuu wa bahari zote.

Kupanda ndiko kulikokataa. Mwalimu akashuka, akaijaza hewa fulana yangu ya kuelelea, nikaondoka chini kwa kasi. Kaptura ikabaki.

Aliyeifuata ni shemeji. Alipumua vizuri sana njia nzima. Akanikabidhi kwa mikono miwili, akaniambia, chukua mali yako shemeji, wengine tuna wajukuu. Mwalimu kasema nikirudia, mtihani siufanyi.

Binti yangu, muuguzi, aliipata habari kabla sijafika nyumbani. Akaniambia, baba, watu wa umri wako wanafuga kuku. Nikamkumbusha kwamba tunaishi ghorofa ya nne.

Ijumaa, 7 Machi

Ufumbuzi! Nilikuwa naosha vikombe asubuhi, naimba kooni, midomo imefungwa, wimbo wa mke wangu wa kufulia nguo. Nikagundua: mtu anayeimba hawezi kubana pumzi. Pumzi inatoka na wimbo.

Njiani kwenda bwawani nikaandaa silaha ya pili. Nikamsimulia shemeji habari za mkunga, yule samaki kama nyoka anayekaa pangoni kwenye matumbawe, na jinsi anavyouma bila kuachia. Shemeji akasikiliza, akaitikia, akauliza kama mkunga hula na viatu.

Mtihani: nikashuka naimba. Mapovu yakatoka kwa mpigo wa wimbo. Beti tatu chini kabisa, sikupanda hata shubiri! Mwalimu kasema hajawahi kumsahihisha mtu mwenye muziki wake. Shemeji naye kafaulu. Wawili, nafasi moja. Mwalimu akatoa sarafu ili tubahatishe.

Kabla haijarushwa, shemeji akashika sikio. Linamuuma, kasema, niende mimi.

Ushindi! Mkunga amefanya kazi yake. Nililikagua lile sikio kwa karibu: safi, halina hata wekundu. Lakini hofu haionekani kwa nje.

Jumamosi, 8 Machi

Nimewaona.

Saa tatu asubuhi, mita sita na nusu, naimba. Kwanza mwanga, umekunjamana juu ya mchanga kama shuka lisilopigwa pasi. Kisha matumbawe: ya mviringo kama mikate, ya matawi kama pembe za swala, mengine bapa kama meza iliyosahauliwa nje. Changu wamejipanga chini ya meza, kimya, kama watu wanaongoja kuitwa majina. Nilikuwa nawatambua mmoja mmoja. Hakuna aliyezeeka.

Halafu nikausikia. Kat. Kat. Kat. Sauti hiyo nilikuwa nimeisahau. Picha tulibaki nazo mbili, lakini sauti nani anaibeba? Pono, wa kijani, midomo ya waridi, anabandua jiwe kwa meno na kulitafuna, na nyuma yake anamwaga mchanga mweupe. Mke wangu alipenda kusema kwamba ufukwe wote tunaoutandikia mikeka umetoka kwenye makalio ya samaki. Alisema kila mara. Alicheka kila mara.

Wimbo ukanipotea. Kifua kikajifunga, nikaanza kupanda. Mwalimu akanidaka pezi la mguu, akanivuta, akanigonga kifuani: toa. Nikatoa. Nikarudi chini. Miwani ikawa imejaa maji, na hayakuwa ya baharini. Tulifundishwa: inua uso, puliza kwa pua, maji yanatoka. Inafaa kwa maji ya aina zote mbili.

Dakika thelathini na moja, kwa saa ya mwalimu, ambayo hairuki namba.

Ufukweni amesimama shemeji, na viatu vyake vya mjini. Alipanda basi la alfajiri peke yake. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya ushindi. Akaniuliza kama pono wapo. Nikasema wapo. Akauliza kama wanatafuna. Nikasema wanatafuna. Akageuka kutazama mabegi, muda mrefu kuliko mabegi yanavyostahili.

Jumapili, 9 Machi

Binti yangu, huku akipiga pasi sare yake ya kazi, kaniambia sikio la mjomba wake halina kitu. Alhamisi mjomba alimpigia simu kuuliza jicho langu limebakiza muda gani. Akajibiwa ukweli. Akasema basi, nafasi iende kwa jicho.

Nikakaa chini. Kwa hiyo si mkunga.

Nimetafakari saa nzima na nimefikia uamuzi wa mtu mzima: nimechezewa! Mtu kapanga, katekeleza, kamaliza, na mimi sikuona kitu. Huyu ni mtu hatari. Sasa atanitazama kwa upole ule kila asubuhi ngazini, nami nitalazimika kuwa mwema maisha yangu yote. Ningeweza kushuka ghorofa moja nikamwambia ahsante. Nimelipima wazo hilo. Halina ufundi.

Safari nyingine ni baada ya wiki nne. Nafasi moja, na nimeshaandikwa mimi. Kwa hiyo: siku ya mwisho naugua nyonga, ugonjwa mzito kuliko sikio. Nafasi inamwangukia shemeji, anawaona pono, na mimi ndiye ninayesimama ufukweni, mpole kupita kiasi. Hatutakuwa sawa tu; nitakuwa nimemzidi. Ili jambo lisije likaonekana la kubuni, nimeanza kuchechemea leo hii.

Nimekutana naye ngazini. Akaniuliza, pole shemeji, mguu gani?

Sikuwa nimeamua. Nimemwambia yote miwili.