Shimo la Ndizi na Gato ya Mukwe

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 9 ya mwezi wa munane, 1954

Leo ninaandika. Mimi Mbonigaba niko muntu wa kwanza kujua kusoma kwenye kilima hiki, ukiondoa katekista, na bibi ya katekista, na wale waliojua mbele yangu. Mukono unachoka haraka. Kichwa hapana.

Habari ni kubwa. Siku ya Mungu inayokuja mujukuu wangu Emérita anatimiza mwaka. Alizaliwa siku ya Bikira Maria kupanda mbinguni, na mimi njo nilisikia sauti yake mbele ya wanaume wote, kwani nilikuwa nimetega sikio nyuma ya nyumba.

Hapa kwetu hatukuwa na desturi ya kufanyia muntu karamu kila mwaka kwa sababu alizaliwa. Alizaliwa mara moja, inatosha! Lakini mukwe wangu Kanyamibwa wa Kashuga, baba ya mukamwana wangu Verdiane, bibi ya mutoto wangu, alipikia Wazungu zamani. Sasa hawezi kupiga chafya bila kusema Wazungu wanapiga vile. Ametuma neno kwamba kutakuwa anivereseri, njo karamu hiyo ya kuzaliwa. Ataleta gato, mukate wa sukari wa Wazungu, na bugi, mushumaa wa kuwasha juu yake.

Na tena, akirudi Kashuga, atarudi na mutoto! Verdiane iko na mimba ingine, maziwa inaisha. Mutoto wa kuachishwa ziwa anaenda kukaa kwa babu na nyanya mupaka asahau. Sawa, njo desturi. Lakini mimi niko nini? Niko muti? Nyumba yangu iko ngambo tu ya shamba la maharagi. Mutoto wangu Faustin akasema ni karibu sana, mutoto atasikia sauti ya mama yake na kulia. Nikasema kwangu halii. Akasema atalia. Nikasema halii. Tukaenda hivyo mupaka maharagi yakaiva. Mwisho akachoka. Watu wote wanachoka mbele yangu, hiyo ni zawadi niliyopewa na Mungu.

Akasema hivi: Emérita hajatembea bado. Siku ya karamu tutamuweka katikati ya uwanja. Babu ambaye mutoto atamufikia kwa miguu yake, huyo atakaa naye.

Nimekubali mbio. Nimekwisha shinda.

Siku ya pili, tarehe 10

Nimeanza kumufundisha kutembea. Nimekaa chini, nikamuonyesha kiazi. Akatambaa kwa mbuzi. Nikamuonyesha kofia yangu. Akatambaa kwa mbuzi. Nikafukuza mbuzi. Akalia! Verdiane akauliza toka ndani nani analiza mutoto. Nikasema mbuzi.

Halafu bibi yangu Nyirabagenzi akapita na ndizi moja ya kamaramasenge, zile ndogo tamu, imeiva mupaka ganda inapasuka. Emérita akaiona. Akashika kinu, akasimama! Miguu inatetemeka, mikono mbele, mate yanashuka.

Ndani ya kichwa changu kulikuwa shangwe.

Siku ya tatu, tarehe 11

Shida: kamaramasenge zote katika bustani ziko mbichi. Dawa: shimo. Kila mutoto wa hapa anajua. Unachimba, unatandika majani, unalaza ndizi, unaweka miti juu ili udongo usizikandamize, unafunika, unawasha moto kidogo kando ili moshi uingie. Baada ya siku chache, sukari tupu.

Watu wa akili ndogo wanachimba kati ya migomba, ambapo kila mwizi anaangalia kwanza. Mimi nimechimba nyuma ya jiko, karibu na njia ya choo. Nani atatafuta ndizi kwenye njia ya choo? Hakuna. Njo akili hiyo.

Nyirabagenzi akauliza ninachimba nini. Nikasema muferezi wa mvua. Akaangalia mbingu, haikuwa na hata wingu. Akasema basi, mvua ikikuja itajua pa kupita, akaenda zake. Miaka yote hii, na bado mwanamuke huyu hanijui.

Siku ya ine, tarehe 12

Moshi ni kitu cha kiburi. Unaupeleka huku, unaenda kule. Asubuhi nilikuwa nakunywa uji, nikasikia Nyirabagenzi analia: nyumba inaungua! Akamwaga maji ya kuoga. Akamwaga maji ya kunywa. Akamwaga chungu cha maharagi, cha kula mangaribi. Majirani wakakuja na majembe. Mama Dorothée wa jirani akatoa vitu vyetu nje, pamoja na vile ambavyo singependa vionekane.

Nikawaambia nilikuwa nafukuza siafu kwa moshi. Wakauliza siafu wako wapi. Nikasema si mumeona, wamekimbia!

Walicheka sana. Wacha wacheke. Nimewasha moto tena, na nimeuweka upande wa upepo. Tumelala bila chakula.

Siku ya sita, ya posho, tarehe 14

Amefika. Na viatu! Na mwavuli wakati hakuna mvua! Amebeba gato ndani ya kitambaa cheupe kama anabeba Sakramenti. Anasema aliipika ndani ya sufuria, na makaa juu ya kifuniko, sawa vile Wazungu. Anasema bibi yake Nyiramana amebaki Kashuga, ametandika kitanda kidogo cha Emérita karibu na moto.

Kitanda kidogo! Hata hajashinda!

Halafu akakaa kwenye kiti changu. Kiti ni kimoja tu nyumbani chenye mikono na mugongo. Nilikichonga mwenyewe, muguu moja ni mufupi kidogo, na mimi peke yangu najua kukikalia bila kuanguka. Akakaa, hakuanguka. Akalala usingizi pale pale, kinywa wazi. Nilisimama mangaribi yote katika nyumba yangu mwenyewe, kama mugeni.

Mambo ingine mubaya. Nimeenda kuangalia shimo, nimekuta miti imetolewa! Nyirabagenzi alikosa kuni za kupikia mugeni, akaona miti mikavu inalala bure juu ya muferezi wa mvua. Ningesema nini? Siri ni siri. Nimerudisha majani peke yake na udongo kidogo juu. Imekaa vizuri sana. Muntu anaona ni chini ya kawaida. Ndizi nimezigusa: laini, harufu yake unaweza kulia.

Nimewaambia wote wapite njia ya juu ya kwenda choo, kwa sababu iko nyoka. Kanyamibwa alikuwa analala. Si kosa langu kama muntu analala.

Siku ya Mungu, tarehe 15

Nitaandika yote, kwa sababu wengine watasema uongo.

Tumetoka misa. Njiani nilitembea mbio kuliko umri wangu, kwa sababu ya kiti. Kanyamibwa naye aliongeza mwendo. Nikaongeza. Watu waliokuwa wanatoka kanisani wakatupisha, walifikiri kuna muntu amekufa. Nikafika uwanjani wa kwanza, nikajitupa juu ya kiti!

Kilikuwa laini.

Kumbe Verdiane aliogopa kuku na mbuzi, akaweka gato juu ya kiti, ndani ya kitambaa chake, mupaka wakati wa kuwasha bugi. Nikasikia inatoka kitambaani, inashuka chini yangu polepole, bado na moto wa jua. Muntu mwingine angesimama. Mimi sikusimama. Ukisimama umekiri, na tena umepoteza kiti.

Wakaanza kutafuta. Verdiane akasema aliiacha kwenye kiti, nikasema nilikikuta kitupu. Faustin akasema wacha gato, tumuweke mutoto katikati. Kanyamibwa akakataa: Wazungu hawaanzi bila bugi. Alikuwa ameishika mukononi, bugi peke yake, anaangalia huku na huku kama muntu aliyekosa njia ya mazishi. Karibu nimuhurumie.

Nikasema: ni mbuzi. Mbuzi alikuwa pale, anatafuna, na mbuzi wangu ana uso wa mwenye zambi hata akiwa amelala. Kanyamibwa akapiga kelele kwamba gato yake ilitoka Kashuga kwa miguu yake, juu ya kichwa chake, haitaishia ndani ya tumbo la munyama. Akafungua mwavuli, akamufukuza. Mbuzi akapita nyuma ya jiko. Kanyamibwa akapita nyuma ya mbuzi.

Nilifungua kinywa kumwambia. Kweli, Mungu ni shahidi. Lakini kinywa kilichelewa.

Tulisikia muntu akiita mama yake, na sauti kama nguo ya maji ikipigwa juu ya jiwe. Wote wakakimbia. Na mimi nikakimbia, nikasahau. Nyuma yangu nikasikia Nyirabagenzi anauliza, pole pole, kwa ile sauti yake ya upole inayotisha: Mbonigaba, hicho kwenye pantalo yako ni nini?

Nikasema jasho.

Faustin na mume wa Mama Dorothée wakamutoa Kanyamibwa shimoni. Wakamukalisha juu ya majani katika uwanja. Alikuwa kamaramasenge toka magoti mupaka ndevu. Muguu wake umepinda. Mimi nikasimama upande wa pili, na gato yake nyuma yangu.

Na katikati Emérita akashika kinu, akasimama. Akaacha kinu.

Wote tukaona. Verdiane akafunika kinywa. Mutoto akaniangalia mimi, akamuangalia Kanyamibwa. Nikainama, nikafungua mikono, nikamwita kwa jina nililomupa mimi peke yangu, Kanyonyi, ndege mudogo. Nilisahau hata kuona haya mbele ya watu. Akacheka. Akageuka. Akatembea, tumbo mbele, akaanguka, akasimama tena bila kulia, akaenda mupaka kwa Kanyamibwa, akatia vidole vyote ndani ya ndevu zake, akaanza kula.

Nikasema hapo hapo: ameenda kwa ndizi yangu! Kanyamibwa akauliza, na machozi ya maumivu ndani ya macho, ndizi iko juu ya nani? Nikasema ni yangu! Akasema basi, Papa Mbonigaba, na gato yangu iko juu ya nani? Watu wakaanguka chini kwa kucheka. Hata muntu mwenye muguu umepinda alicheka. Mimi sikuona sababu.

Halafu Emérita akatambaa akanijia, akazunguka nyuma yangu, akaanza kukwangua gato kwenye pantalo na kuiweka kinywani. Nikasema: muone, amekuja! Faustin akasema kutambaa hakuhesabiwi.

Basi. Anaenda Kashuga.

Moshi wa lile shimo unadumu sana machoni. Ninaandika na maji inashuka tu. Ni moshi.

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 16

Muguu wa Kanyamibwa umevimba kama boga. Mama muzee anayejua kunyoosha mifupa ameukamata, ameuzungusha, Kanyamibwa akaimba wimbo wa Kizungu bila kutaka. Mama akasema asikanyage mupaka uvimbe uishe. Kashuga ni mbali, milima juu ya milima. Faustin iko kazini kwa koloni, Muzungu mwenye shamba la pareto, hawezi kuwapeleka. Basi Kanyamibwa anabaki kwangu. Na kwa kuwa alishinda mutoto, mutoto anakaa naye.

Kwangu!

Nimeketi na kufikiri sana. Nimeona kwamba nimeshinda. Nilipanga hivi tangu mwanzo.

Siku ya Mungu, tarehe 22

Mukwe wangu ni muzigo. Anakaa kwenye kiti changu, muguu juu ya stuli yangu. Anamufundisha bibi yangu kutia vitunguu ndani ya maharagi, na Nyirabagenzi anasema ni tamu! Anakoroma. Anamuhadisia Emérita hadisi ya sungura na anaikosea, mimi nalazimika kusahihisha toka kitandani.

Emérita analala kati yetu. Siku mbili za kwanza alilia akitaka ziwa. Tulimupokezana, mimi namubeba, halafu Kanyamibwa anamuimbia. Kanyamibwa anaimba vibaya sana. Mutoto alilala, nafikiri kwa kukata tamaa. Sasa halii tena. Anatembea toka magoti yangu mupaka magoti yake, anarudi, anaenda, anarudi, siku nzima, na anacheka kila akifika kama hajawahi kutuona.

Kila mangaribi ninamukanda Kanyamibwa muguu kwa majani ya moto. Hakuna anayejua kukanda kama mimi. Leo alisema, papa, uvimbe umeisha. Nikamwambia hapana, unaanza tu. Akaniangalia muda murefu. Akasema labda ni kweli, bado anasikia maumivu kidogo. Akaomba maharagi tena.

Siku ya posho, tarehe 28

Leo Kanyamibwa amezunguka nyumba bila fimbo. Ametafuta viatu vyake. Amesema Nyiramana anangoja na kitanda kidogo, kesho baada ya misa ataondoka na mutoto. Emérita alimusaidia kutafuta, alimuletea kiatu kimoja, akacheka. Mimi nilienda bustani.

Muntu lazima ajifunze kutoka makosa yake, njo tofauti ya muntu na mbuzi. Mimi nimejifunza: shimo la kwanza lilikuwa fupi sana, na halikuwa mahali pake.

Nimekata mukungu mwingine wa kamaramasenge. Nimechimba kwenye njia ya kwenda Kashuga, pale inapotoka uwanjani, mupaka kifuani. Miti sikuweka, Nyirabagenzi ataiiba. Nimewaambia wote wapite kando, kwa sababu iko nyoka.

Kanyamibwa peke yake nimesahau kumwambia.