Makande ya Kuungwa na Hoja ya Kuungwa Mkono

Leo nimejivua nguo mbele ya shule nzima. (Si nguo za kweli. Tulieni.)

Naandika kwa simu ya mama, kwa hiyo nikikatika ghafla mjue ameitaka. Ninyi mliosoma nami msingi mnanijua. Mwalimu akisoma mahudhurio, anayejibu "Nyamizi yupo" ni jirani yangu wa dawati. Sasa mtu kama huyo leo kahutubia Bunge. Aisee.

Nianze hivi. Shuleni kwetu serikali ya wanafunzi imeiga ile kubwa ya Dodoma. Kaka Mkuu tunamwita Rais. Kila darasa lina mbunge wake, na msichana mmoja wa viti maalumu. Rais akitaka mawaziri anawateua humo humo kwenye wabunge. Mbunge wetu wa Kidato cha Tatu B anaitwa Masanja, na zamani Masanja alikuwa moto! Alisimama bungeni na bakuli la makande, akawa anatoa dumuzi, wale wadudu wa mahindi, mmoja mmoja na kuwapanga mezani kama mashahidi. Tulimpenda. Halafu Rais akamteua Waziri wa Chakula.

Basi. Tangu siku hiyo Masanja anakula jikoni, makande ya walimu, yale yaliyoungwa kwa kitunguu na karanga. Dumuzi wetu wako pale pale, tena wamenenepa. Ukimwuliza anakwambia, "Hayo ni mambo ya serikali."

Na bado ndiye mbunge wetu! Tukalalamike kwa nani, kwa dumuzi wenyewe?

Tulipiga kelele hadi Mwalimu wa Uraia akasema jambo hili lijadiliwe bungeni. Serikali ikawahi kuandika hoja kwa maneno yake: "Wabunge wa madarasa waendelee kuteuliwa kuwa mawaziri." Hoja ikianguka, Masanja achague moja, jiko au kiti chetu. Hoja ikipita, tuendelee kutafuna wadudu kimya kimya. Na wa kuipinga kwa niaba ya darasa ni nani? Masanja hawezi kujipinga. Amebaki wa viti maalumu.

Yaani mimi. (Nilichaguliwa siku niliyolala nyumbani na malaria. Nilirudi nikakuta ni mheshimiwa.)

Jana jioni nikaenda Ipuli kwa babu. Babu ni mstaafu wa reli, na Bunge likiwa redioni hata ukimwambia nyumba inaungua atakuomba usubiri mchangiaji amalize. Akanikalisha pembeni ya redio. "Mjukuu wangu, usikariri maneno. Kariri mwendo," akasema. "Mwanzo unamshukuru Mungu. Katikati unagonga. Mwisho unafunga." Nikawa nawafuatisha wabunge wa redioni neno kwa neno, salamu hadi kuketi, mpaka kuku wakahama uani. Babu akafurahi mno. "Sasa umeiva!"

Niliiva kweli. Mtaona.

Asubuhi nilivyofika shule Rehema, yule jirani yangu wa dawati, akanishika mkono.

"Usitazame watu. Tazama saa ya ukutani."

"Ile saa haitembei."

"Ndiyo nzuri. Haitakuharakisha."

Bunge linakaa bwaloni. Wabunge wanakaa mbele, wengine wote tunawaita wageni, wamejaa nyuma na madirishani. Spika ni dada Kabula wa Kidato cha Nne, leo alivaa joho la kwaya aliloazima kanisani kwao.

Akatangulia Masanja kutetea hoja. Jamaa anajua kusema, tusimwonee.

"Mheshimiwa Spika, hata Dodoma mawaziri wanatoka bungeni. Sisi ni nani tuwe na akili kuliko taifa?" Meza zikagongwa. "Na hapa ni Unyamwezini! Babu zetu walitoka hapa na mizigo kichwani hadi pwani, huku wanaimba! Kubeba na kuimba kwa wakati mmoja! Leo mjukuu wao ashindwe kuwa mbunge na waziri?"

Bwalo likalipuka. Hata mimi nikapiga makofi. (Rehema akanikata jicho kutoka dirishani. Nikaacha.)

"Mheshimiwa Nyamizi, viti maalumu, Tatu B!"

Nikasimama. Nikatazama saa. Nikafungua mdomo, na neno la kwanza lililotoka, mbele ya Bunge zima, lilikuwa hili:

"Shikamoo Mheshimiwa Spika."

"Marahaba," akajibu Kabula, amekaza uso kama bibi harusi.

Walicheka! Kuna mtoto wa Kidato cha Kwanza alianguka kwenye benchi. Nikataka kutoka, lakini mlango ulikuwa mbali na wageni wameuziba. Ikabidi niendelee. Nikamshukuru Mwenyezi Mungu. Nikawashukuru wazazi. Nikamshukuru Spika kwa jinsi anavyoliongoza Bunge. Na jamani, sijui kilichotokea, ule mwendo wa redioni ukanibeba. Sauti ikatoka. Sauti yangu mimi!

"Mheshimiwa Spika, jirani zetu wa Kenya, seneta akipewa uwaziri anaacha kwanza useneta. Kwa nini? Kwa sababu mtu hawezi kukaa meza ya mlaji na meza ya mkaguzi kwa makalio mamoja."

"Hamia Kenya!" mtu akapiga kelele.

"Siwezi," nikasema, "sina nauli." Wakacheka, lakini safari hii walicheka na mimi. Mnaelewa tofauti? Mimi sikuwa naijua. Tamu!

Nikageuka kwa Masanja. "Mheshimiwa Waziri anasema babu zetu walibeba mizigo huku wanaimba. Ni kweli. Lakini, Mheshimiwa Spika, hakuna mpagazi aliyeimba akiwa na karanga mdomoni!"

Loo! Mngekuwepo! Meza, masufuria, mabati, kila kitu kiligongwa. "Ameungiwa karanga huyo! Ameungiwa!" wageni wakaimba, na Masanja akaangalia viatu vyake. Wale wabunge wadogo wa Kidato cha Kwanza, ambao kila mtu alijua ndio watakaoamua, walikuwa wamesimama wananitolea macho kama mimi ni muujiza. Nikajua tumeshinda. Nikawaona dumuzi wanafungasha.

Ilibaki kufunga tu. Nikavuta pumzi, nikanyanyua kidevu, nikafunga kama wanavyofunga wote redioni:

"Mheshimiwa Spika, baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja."

Nikaketi.

Kimya. Nikadhani wameguswa. Nikatabasamu kabisa. (Nilitabasamu, jamani. Nikiikumbuka hiyo tabasamu nataka kuingia chini ya kitanda.)

Halafu nikamwona Rehema dirishani ameshika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyeona lori likimkanyagia baiskeli. Ndipo sikio langu likanirudishia nilichosema. Wale wa redioni, hamjawasikia? Anamponda waziri, anaponda bajeti, unadhani sasa atararua karatasi, halafu mwisho anaunga mkono hoja na kukaa. Wote! Nilidhani ndivyo hotuba inavyomalizwa. Kama "amina."

Masanja ndiye aliyeanza kugonga meza. Polepole. Pa. Pa. Pa.

"Mwongozo wa Spika!" Rehema akapiga kelele.

"Mgeni hana mwongozo," Spika akamjibu. "Mheshimiwa Nyamizi, una jambo?"

Nikasimama. "Nilikosea," nikasema. Lakini ule mwendo ulishaisha, nikawa nimerudi mimi, na sauti ikatoka kama ya panya wa kanisani.

"Rudia, mwandishi wa Hansadi hajakusikia."

"Nili..."

"Anasema asante!" Masanja akadakia.

"Hansadi imepokea," akasema Spika. "Wanaoafiki waseme ndiyo!"

"NDIYOOO!" Ni wale watoto wa Kidato cha Kwanza. Waliniamini, ndilo tatizo. Dada kasema vizuri, dada kaunga mkono, na wao wakamfuata dada. Mmoja aligeuka akaninyooshea dole gumba. "Dada, tupo na wewe!"

"Wasioafiki waseme sio!"

"Sio," nikasema. Nilikuwa na wenzangu wachache, ila walishakata tamaa, wakaisema kama watu wanaojibu misa ya mazishi.

"Walioafiki wameshinda!"

Mngedhani yameisha. Hapana. Rais akasimama, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Waheshimiwa, leo tumemwona kijana aliyetaja kasoro zote za serikali, moja baada ya nyingine, na bado akaiunga mkono. Huo ndio ukomavu. Kwa hiyo, kwa mamlaka ambayo Bunge limenithibitishia sasa hivi, namteua Mheshimiwa Nyamizi kuwa Naibu Waziri wa Chakula. Mheshimiwa, unakubali?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Neno dogo tu. Bwalo zima lilikuwa linanitazama, macho yote, na saa imesimama. Na mimi mnanijua nikitazamwa. Mtu akinipa kitu, hata kofi, jibu ninalo moja.

"Asante," nikasema.

Mwalimu wa Uraia alikuwa amevua miwani anafuta machozi. "Nyamizi," akasema tukitoka, "mihimili ya dola nimeifundisha wiki nzima hawaelewi. Wewe umeimaliza kwa dakika chache." Sikujua kama nimesifiwa. Nikamwambia asante.

Chakula cha mchana, nikajipanga foleni na wenzangu na bakuli langu. Mama mpishi akanifuata. "We mwanangu, foleni ya nini? Waziri anakuita." Nikaingia jikoni. Masanja akasogea kwenye benchi, akapangusa nafasi kwa kiwiko.

"Karibu serikalini, shemeji." (Mimi si shemeji yake. Wala sijui kalitoa wapi.)

Nikawekewa sahani. Makande meupe, safi, kitunguu kimekaangwa, karanga zimeelea juu zinang'aa. Nilitaka kugoma. Naapa nilitaka. Nilikaa kabisa dakika nzima na mikono mapajani.

Halafu nikala. Niseme uongo? Nilikula nikafuta sahani. Nilipoinua kichwa, dirisha la jiko lilikuwa limejaa nyuso za Tatu B, kuanzia juu hadi chini, na hakuna uliokuwa unatafuna.

Nikarudi darasani kwa kunyata pembeni ya ukuta. Rehema alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono, nyuma yake darasa zima. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alinipigia goti!

"Shikamoo mheshimiwa."

"Rehema, tafadhali."

"Sisi wananchi wako tuna ombi dogo. Wewe si mbunge wetu? Tunaomba umwulize Naibu Waziri wa Chakula, lini dumuzi wataondoka kwenye makande?"

Wanasubiri kweli.

"Nimeshamwuliza," nikasema.

"Ehe. Kajibuje?"

Nikameza mate. Yalikuwa bado na karanga.

"Amesema... analifanyia kazi."

Sitaki kueleza kelele zilizofuata. Walizisikia hadi mtaa wa Gongoni.

Mama anaitaka simu yake. Nawaomba msicheke. Atakayeshindwa kujizuia, alete kicheko chake kwa maandishi, serikali itamjibu.