Boti la Sebuleni

Jumatatu, 14 Julai
Bahati inanipenda. Wengine inawapita barabarani bila salamu. Kwangu inaingia mpaka jikoni, inafunua sufuria. Nimetoka Tanga na ndoo ya gundi ya boti, dawa ya kuigandisha, na robota la kitambaa cheupe cha nyuzi za kioo. Faiba, kwa sisi tuliotembea. Boti lenyewe nimeshaliunda uani kwa mbao za msindano, chini ya turubai, Clemence jirani asije akaiga. Bado kulivika faiba lisivuje. Jumapili linashuka Magoma, bondeni. Kuna bwawa kule halina boti hata moja! Darasa la saba sikumaliza, lakini video za kuunda boti nimeangalia zote.

Modesta, mke wangu, amenikumbusha kwamba Jumamosi wanakuja watu wa Kwai kuleta posa ya binti yetu Happiness. Kijana mzuri, Happiness anampenda, na tusimwaibishe. Nimemuuliza boti na posa wapi na wapi.

Jumatano, 16 Julai
Gundi haigandi! Inanata kama bamia. Nimerudia video. Yule jamaa yuko kifua wazi, jasho linamtoka. Huku kwetu milimani Julai, koti juu ya koti, ukungu umekaa mlangoni kama mgeni asiyeaga. Nimeongeza dawa. Nimeongeza tena. Mwishowe mimi na Modesta tumelihamishia boti sebuleni, tumelilaza kifudifudi juu ya makochi, jiko la mkaa kwa mbali. Modesta amelalamika kutoka uani hadi sebuleni. Ni pafupi, lakini alijitahidi.

Alhamisi, 17 Julai
Imeganda! Imeganda na makochi. Gundi ilichuruzika chini. Boti, makochi na vitambaa vya Modesta sasa ni kitu kimoja, na kitu hicho hakipiti mlangoni. Modesta anaongea na masufuria tu. Mama mkwe, Bibi Jenoveva, aliyepanda kutoka Magoma kutibiwa kifua, anakohoa chumbani kwa makusudi.

Sijakata tamaa. Nimelitandika faiba ya pili, kavu bado, likawa jeupe pee. Nikamkuta Clemence anachungulia dirishani. Yeye fundi wa majeneza, mbao anazijua. Aliangalia kitambaa, akavua kofia, akaondoka. Heshima hiyo! Nimemsamehe ya nyuma yote.

Ijumaa, 18 Julai
Watu wananipenda jamani. Tangu asubuhi kina mama wanaleta kuni, sukari, mahindi. Kumbe habari ya posa imefika mbali. Kila mmoja ananipa pole kwa sauti ya chini. Nimewajibu asante, kazi ni ngumu, hasa kwa baridi hii. Mmoja wao, Mama Dotto, akaniuliza tunasafirisha lini. Nikamwambia Jumapili, nikipata pikapu, tunashusha Magoma. Akasema ni vizuri, kwao ni kwao. Sikumwelewa, ila nilimshukuru. Akalia kidogo. Mwanamke ana moyo!

Jumamosi, 19 Julai
Nimekwisha.

Mchana umeme ulikatika, na kwa giza la ukungu Modesta akawasha mishumaa pembeni ya boti. Kina mama wamejaa uani kwenye mikeka. Ndipo akaingia mshenga, Mzee Alen, na wazee wa Kwai nyuma yake, suti na zawadi. Nikamwamkia shikamoo. Aliona mishumaa. Aliona kitu kirefu kimefunikwa nyeupe. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili: pole sana mwanangu, posa haizungumzwi penye msiba, tutaonana arobaini ikipita. Wakageuka na zawadi zao! Happiness akakaa chini akalia kweli, na kina mama, kusikia kilio cha mjukuu, wakamjibu kwa kilio kikubwa zaidi.

Na Clemence naye hapo hapo ananinong'oneza sikioni: "Mgosi, jeneza unachonga mwenyewe na mimi nipo? Tena lina ncha! Mama wa watu unamzika kwenye pasi?"

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama mkwe, blanketi begani, anauliza nani amekufa.

Mama Dotto, aliyeingia kumbembeleza Happiness, alitoroka kupitia dirishani.

Nilipomweleza, Mama mkwe hakunitazama hata. Alitoka na lile blanketi, akashuka barabarani, na kile kifua kibovu kikapiga ukelele uliofika bonde la pili: Alen, rudi hapa, maiti anakuita! Mzee Alen alirudi. Alirudi mbio. Posa imepokelewa. Tumekunywa chai kwa sukari ya msiba, vikombe juu ya tumbo la boti, maana pa kukaa na pa kuwekea hapakuwepo. Happiness amecheka mpaka amepaliwa. Mama mkwe amesema akiamka alikute nje.

Jumapili, 20 Julai
Clemence amekuja na msumeno, ana furaha kuliko bwana harusi. Makochi yaligoma kuachia, kwa hiyo amelikata boti katikati. Vipande viwili vimetoka, kila kimoja na kochi lake.

Nimeviangalia sana. Kila kipande nikikizibia upande uliokatwa, hayo ni maboti mawili! Na yana viti tayari! Modesta ameuliza nitayajengea wapi na baridi hii. Nimemwambia chumba cha Mama mkwe kina joto zuri.

Nimefukuzwa. Naandika nikiwa ndani ya kipande cha mbele, uani, na kwa manyunyu haya kinavuja. Ile bahati niliyoandika Jumatatu ni uongo. Sina. Sijawahi kuwa nayo.

Clemence ameniazima turubai la kuongezea. Gundi imebaki nusu ndoo.