Hotuba ya Kuzindua Albamu ya "Mvua Isiyo na Paa"

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye simu yake inasema yuko njiani. Mheshimiwa Naibu wake, ambaye simu yake haisemi kitu. Bwana Mhariri wa jarida letu la muziki, rafiki yangu tangu enzi tukiwa na nywele kichwani. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi ya Kukuza Muziki Mbadala, mliopo na mlioko kwenye chai. Wapiga gitaa, wapiga ngoma na majirani zenu wavumilivu. Wapenzi wa muziki mliovaa nyeusi na joto hili. Dada yangu mpendwa, pamoja na binti yake, mpwa wangu, mhakiki maarufu, ambaye naona amechagua kiti cha karibu na mlango. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Mtu anapiga mluzi, anakanyagwa mguu.)

Nasimama mbele yenu kama Mkurugenzi Mtendaji, kwa unyenyekevu ambao Bodi imeukiri kwa kauli moja, kutoa taarifa ya utekelezaji wa mradi wetu mama, yaani albamu ya Mvua Isiyo na Paa, ambayo tangu kuasisiwa kwake imepitia upembuzi yakinifu, wokshopu za wadau, ziara za mafunzo na mpangokazi shirikishi, hata ikafikia hatua ambayo sisi wataalamu tunaiita hatua. (Makofi mazito.)

Ndugu zangu, wizara inayotufadhili ilipodai matokeo nilijiuliza: mpenzi wa muziki mbadala huanza kupenda kwa kiungo gani? (Sauti: "Masikio!") Hapana, keti. Utafiti wetu wa kina, uliofanyika kwa kinyozi wangu, unaonyesha kuwa asilimia tisini na ushei huanza kupenda kwa macho, wakiwa wamefungua jarida. Mhakiki akisema gitaa fulani linauma meno, watu wanakwenda kuumwa meno, akisema bendi imechuja, hata aliyeililia jana utamsikia, "Mimi mbona nilishaiacha zamani." (Vicheko. Vijana kadhaa wanatazama viatu vyao.)

Basi nikaenda kwa mpwa wangu. Nilimkuta sebuleni akirudia wimbo mmoja mpaka mama yake anaomba msamaha wa makosa asiyoyajua. Nikamwambia, "Mwanangu, iandikie albamu ya mjomba wako uhakiki wa nyota tano."

Akasema, "Shikamoo mjomba. Iko wapi niisikilize?"

Nikamfafanulia kuwa kusikiliza kumepangwa awamu ya pili.

"Basi na nyota tuziweke awamu ya pili," akasema, akaongeza sauti ya redio. (Vicheko virefu. Dada wa Mkurugenzi anajificha nyuma ya mkoba.)

Lakini kiongozi hakwami. Niliuandika uhakiki mwenyewe, kwa jina la Mdau Msikivu, na Bwana Mhariri, kwa uzalendo wake, akauchapa ukurasa wa mbele. (Mhariri anakohoa.) Niliandika kwamba gitaa la albamu hii lina nyuzi tatu tu, kwa kuwa huzuni ya kweli haihitaji sita, kwamba ngoma yake ni sufuria iliyofunikwa blanketi, kwamba mwimbaji haimbi, anakumbuka. ("Anakumbuka!" ukumbi unaitikia kwa uchungu.) Mnaona wenyewe!

Wiki haikuisha, kwa kinyozi nikamsikia kijana akisema, "Nyimbo za mwanzo ndizo zenyewe, huku mwishoni wamelegea." Mwenzake akamjibu, "Wewe umeijua juzi. Mimi niliisikia kabla haijatoka." Nilitamani kuwakumbatia, ila nilikuwa na povu hadi masikioni.

Hata hivyo, ndugu zangu, kila mafanikio yana changamoto zake. Wasomaji walimgeukia mpwa wangu: mbona hajaihakiki? Akajibu kwa neno moja, "Sijaisikia." Wakasema ana kijicho. Wakasema masikio yake yamezeeka. Bwana Mhariri akamnyang'anya safu yake ya uhakiki jaridani, akampa Mdau Msikivu. (Minong'ono.) Dada yangu akanipigia simu: "Kaka, mtoto yuko chumbani na hapigi hata wimbo. Nilizoea kulalamikia kelele, sasa nazililia. Umemfanya nini mwanangu?" Nilimjibu kuwa ofisi inalifanyia kazi. (Mkurugenzi anakunywa maji, anarudi kwenye karatasi.)

Wakati huohuo, athari chanya za mradi zilikuwa zikisambaa. Vijana walikata nyuzi za magitaa, mama zao wakatafuta blanketi wasizione. Ndipo friji ya dada yangu ikagoma, mpwa wangu akatumwa kumwita fundi. Kufika karakana, akamkuta fundi friji na wenzake wawili, kati ya friji zilizofunguliwa matumbo, wanapiga nyuzi tatu na sufuria. Akasimama mlangoni mpaka wakamaliza.

"Haya mmeyatoa wapi?"

"Kwenye Mvua Isiyo na Paa, dada."

"Mmeisikia?"

Fundi friji akakuna kichwa. "Nikwambie ukweli? Kila duka wanasema imekwisha. Tukaona tujipigie yetu huku tukiisubiri."

Mpwa wangu alicheka mpaka akakalia mtungi wa gesi. Kisha akasema, "Rudieni ule wa pili." Jioni ile aliandika, mtandaoni kwake, bila nyota hata moja, nini kilimgusa na wapi walikosea, na mwisho akaandika: msiniamini, nendeni. Watu wakaenda. Karakana ikajaa hadi barabarani, na Bwana Mhariri akamrudishia safu yake kwa mikono miwili. (Makofi yasiyotarajiwa. Mpwa anainamisha kichwa, anatabasamu.)

Muziki mbadala! ("Juu!") Bodi! ("...Juu?") Mkurugenzi! (Kiti kinalia.)

Kwa kumalizia, nawashukuru wote, na kipekee fundi friji na wenzake, ambao nawaomba, kwa kuwa wakaguzi wa wizara wanafika Jumatatu, na kwa kuwa Bodi haijapata kurekodi hata sekunde moja, haina bendi, haina studio, na hicho mnachokizindua hapa mezani ni kasha tupu lenye picha yangu, waturekodie haraka nyimbo kumi zinazofanana na uhakiki wangu. Asanteni sana kwa kuipenda.

(Fundi friji, kutoka nyuma: "Jumatatu tuna friji, mheshimiwa! Pitia Jumanne, uje usikilize!")