Kinywa cha Plasta

Jumatatu, tarehe 6
Leo nimependa. Yaani nimependa kweli, siyo kama ile ya mwezi uliopita.

Mahali ni karakana ya mjomba, nyuma ya kliniki ya daktari wa meno. Tunatengeneza meno bandia na kofia za meno. Bila mimi ingeshafungwa. Mjomba anajiita fundi mkuu. Sawa, ajiite.

Asubuhi msaidizi wa daktari, yule dada wa barakoa, kaleta boksi. Ndani mna sanamu ya kinywa cha mgonjwa, plasta nyeupe, juu na chini. Nikafungua. Lahaula! Meno mawili ya mbele yana mwanya! Mwanya wa kupitisha mluzi! Mengine yametulia kwenye mstari kama watu wanaojua wamependeza. Gego moja tu la chini limechongwa likabaki kisiki. Dada akanieleza: lilioza hadi ndani, daktari akalitoboa, akatoa mshipa uliokufa, akasafisha mizizi kwa visindano vyembamba kama unywele, akaiziba. Jino limepona ila limekuwa kavu, likiachwa hivyo litapasuka. Linataka kofia. Akauliza pia kama nimekula. Nilikuwa naangalia mwanya.

Nikamwuliza mjomba mwenye kinywa ni nani. Akasema sisi tunajua meno, midomo haituhusu.

Haituhusu! Na moyo wangu je?

Jumanne, tarehe 7
Kazi ya kofia kapewa Msomi. Huyu ni mwenzangu wa karakana, ana cheti, anakitaja kila siku kama mtu anayemtaja mchumba. Nikamwambia kuna seti nzima ya meno ya mheshimiwa fulani, kazi nzito, mimi elimu yangu haifiki huko. Akavimba kichwa, akaichukua. Wajinga ndio waliwao.

Kabla ya kuniachia sanamu akaigeuza kwenye mwanga. Akasema tazama vilele vya magego vilivyosagika, huyu katafuna miaka mingi, huyu ni mtu mzima sana. Wivu huo! Mimi nimeona ulaini ule ni upole. Mtu mpole hata meno yake hayana makali.

Mchana nikaanza kuumba kofia kwa nta. Nikawaza anavyocheka. Nani anamchekesha? Nani anakaa mbele yake, anasema neno moja, ule mwanya unatokea? Na yeye anajua kuna mtu huku anauwaza? Nikaisahau nta kwenye moto. Ikaungua yote. Msomi alicheka mpaka akapaliwa.

Jumatano, tarehe 8
Nina mpango. Wanasema akili nyingi huondoa maarifa. Mimi bado ninazo zote mbili.

Kofia ikikaa vizuri, bibie atakuja mara moja, atavishwa, kwaheri. Sitamwona kamwe. Lakini ikizidi urefu kidogo, kidogo tu, atauma, atalalamika, na fundi ataitwa airekebishe pale pale kitini. Fundi ndiye mimi!

Tatizo mjomba. Kila kofia anaipima kwenye sanamu kwa karatasi ya rangi, ile inayoacha alama pale meno yanapogongana. Basi nikachukua kisu, nikakwangua jino la juu, lile linalokutana na kofia. La plasta, si lake. Halikulia. Kofia ndefu ikakaa kwenye sanamu kama imezaliwa pale.

Mjomba akapima. Akapima tena. Akasema kumbe mtoto wa dada yangu ana mikono. Hajawahi kunisifu tangu nije hapa. Nikajisikia vibaya. Ikapita.

Ijumaa, tarehe 10
Kofia ilivishwa jana kwa gundi ya muda. Simu haijalia. Shati nimelipiga pasi, kola inasimama yenyewe. Simu kimya!

Nimekaa na sanamu mapajani. Nikaiambia mambo ambayo sijamwambia mtu. Kwamba nikilala nahisi kuna kiti kitupu mahali fulani na mimi sijui njia ya kwenda kukikalia. Dada wa barakoa akaingia, akauliza naongea na nani. Nikasema naimba. Akasema imba tena. Nikamwambia nina kazi.

Jumamosi, tarehe 11
Simu! Daktari anataka aliyetengeneza ile kofia afike sasa hivi. Mgonjwa taya linamuuma tangu juzi, kinywa kizima kinaegemea jino moja. Shati! Marashi ya mjomba! Mbio!

Kitini nikamkuta bibi, mvi kichwa kizima. Nikamwamkia shikamoo, nikamnong'oneza dada, mgonjwa yuko wapi? Akanionyesha kwa macho. Bibi akafungua kinywa aniitikie. Mwanya ule ule.

Daktari akanisomea mashtaka. Jino amelihangaikia wiki tatu, bibi amekataa katakata kung'olewa, na mimi nimelijengea mnara! Mzizi ukipasuka hakuna dawa tena, ni koleo. Eti siku ya kuvishwa bibi alisema iko sawa, hakutaka kumsumbua mtu. Hapo bibi akamkatiza. Akasema mwacheni mume wangu, mnamtisha. Akaniambia marehemu babu alikuwa akimmenyea karanga kila jioni, anamwekea upande ule ule wa mdomo, na walikubaliana wazeeke na meno yao yote. Yeye katangulia. Tangu jino liugue, upande ule haujatafuna. Anataka karanga moja tu.

Daktari akaitoa kofia, nikasaga, akairudisha, bibi akauma karatasi, nikasaga tena. Sikuwaza mpango wowote. Niliwaza koleo tu. Mwishowe akauma, akauma tena, akafumba macho. Akatulia hivyo kama anasikiliza mtu anayeita kutoka mbali. Kisha akacheka.

Nikamwambia bibi, nimechelewa kuzaliwa. Akasema umechelewa sana mume wangu, na hata ungewahi ungemkuta yule, na yule vipimo hakosei.

Jumatatu, tarehe 13
Mjomba kaliona jino lililokwanguliwa. Hakufoka. Alisema tu kwamba alikuwa ameshampigia mama yangu simu, kunisifu. Mwezi mzima nitaosha vibakuli vya plasta. Msomi kajitolea kunifundisha namna ya kuviosha.

Jioni kliniki imeshafungwa, dada wa barakoa akaja na boksi. Akasema bibi anasalimia, ametafuna. Akaishusha barakoa, mara ya kwanza tangu nimjue. Nadhani alitabasamu, sikuangalia vizuri, nilikuwa nafungua boksi. Akasema ana chai kwenye chupa na vikombe viwili, na benchi la nje saa hizi lina upepo. Nikasema vizuri.

Sanamu mpya! Jino la pembeni limepanda kidogo juu ya mwenzake, kama mtu anayechungulia. Eeh, moyo! Ni nani huyu? Jioni kama hii yuko wapi, anacheka na nani?

Dada akasimama mlangoni muda mrefu. Sijui alisahau nini. Nikamwambia afunge mlango, vumbi linaingia kwenye plasta.