Wasiokula Ngano kwa Hiari

Vieno alikuwa akifungua boksi lake la chakula kisicho na ngano, kama afanyavyo kila siku katika bwalo la manispaa ya Hirvasnummi, Mkurugenzi Torsti alipolinyakua.

"Subiri kwanza, dada. Kuna tangazo."

Akapanda juu ya kiti. Kuanzia leo, alitangaza, manispaa imeingia Zama za Tumbo Jepesi. Watumishi wote wameacha ngano kwa hiari. Chakula kutoka nyumbani ni ubinafsi, hivyo ni marufuku. Kisichokuwa na ngano kitagawiwa na Kamati ya Wepesi, mwenyekiti akiwa yeye mwenyewe.

Makofi yakapigwa. Boksi likazungushwa meza kwa meza, likamrudia Vieno likiwa tupu.

Vieno ana ugonjwa wa siliaki. Chembe ya ngano ikishuka kooni, tumbo humsokota akajikunja kama jongoo. Kamati ililijua hilo, tena ililijadili kwa kina.

"Wewe huli kwa sababu huwezi," Torsti alimweleza kwa upole. "Sasa hapo sifa iko wapi? Sisi tunaweza, tukakataa. Kipaumbele ni cha waliojinyima."

"Mimi nile nini?"

"Maandazi ya iliki yapo sinia zima, hayana mlaji."

Wiki ile kila boksi alilolileta Vieno liligawiwa na Kamati, naye akashindia kahawa.

"Shoga, sema kitu!" Pirjo, mwenzake wa ofisini, alimnong'oneza. "Utakauka kama ng'onda!"

Vieno akatabasamu tu. Hakuwa na mazoea ya kulalamika.

Torsti naye, asiyependa kuzidiwa kwa lolote, akaanza kuhisi kwamba ni mgonjwa, tena kuliko Vieno. Akamwita Daktari Aune aje bwaloni ampime damu.

"Umeacha ngano? Basi kipimo hakitaonyesha kitu," alisema daktari. "Kula ngano kila siku, wiki kadhaa, ndipo nikupime."

Torsti akashusha pumzi kama mfia dini. Kwa maslahi ya umma, akachukua andazi. Akafumba macho. Akachukua la pili. Papo hapo wajumbe wote wa Kamati wakajihisi wagonjwa, wakalivamia sinia.

Sinia lilipobaki makombo, Torsti akanyoosha mkono kwenye boksi la Vieno.

"Na hili tuligawane sawasawa."

Vieno akasimama.

"Bwana Mkurugenzi, mimi nina njaa. Chakula hicho ni changu. Wewe unapenda maandazi."

Torsti akatafuna, akameza, akawatazama wajumbe wake wenye sukari midomoni.

"Nayapenda," alisema. "Jamani, nayapenda mno!"