Ugonjwa wa Taa ya Njano

Injinia aliiona taa kabla hajaliona gari, na aliliona gari kabla hajamwona mwenyewe. Ndivyo macho ya tapeli yanavyopanga foleni: kwanza shida ya mtu, kisha mali yake, na utu wake mwishoni kabisa, kama nafasi ikibaki.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, kwenye maegesho ya jengo lenye ofisi juu na zahanati chini. Hapo ndipo aliposhinda kila siku, akizunguka katikati ya magari ya watu kama nzi buchani, shati limenyooshwa, kalamu tatu mfukoni. Jina la Injinia alijipa mwenyewe. Chuo alichosomea bado hakijajengwa. Alichokuwa nacho ni ulimi, na rimoti kuukuu ya televisheni aliyoifunga nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, akaiita kipimo.

Wiki iliyotangulia tu alikuwa amemuuzia mhasibu wa ghorofa ya pili upepo wa milimani. Alimwambia ni upepo baridi, hauvuji, tairi linakaa nao miaka mitatu. Mhasibu yule, mtu wa kukagua hesabu za wenzake kwa kalamu nyekundu, hakuuliza hata upepo wa milimani unashukaje mjini. Alilipa mara mbili ili mwenzake wa meza ya pili asiuziwe. Mtu wa namna hiyo humwibii, unampokea tu.

Lakini gari la Jumatatu hiyo lilikuwa jambo jingine. Jeupe, la zamani kidogo, limetunzwa kama yai. Viti havina doa. Kwenye dashibodi, taa ndogo ya njano ya upepo wa matairi ilikuwa ikiwaka. Nyuma ya usukani alikaa bibi mmoja mnene, miwani puani, akiitazama taa ile kama anavyotazamwa mtoto aliyekataa kunyonya. Alikuwa mkunga mstaafu. Bado alikuja zahanati kila asubuhi kuwashika mikono wanawake wenye uchungu, maana wauguzi vijana walikuwa na vidonge vingi na muda mchache.

Injinia alimeza mate. Alikuwa na miaka thelathini na minne, amezungumzia magari tangu akiwa na kumi na sita, na hajawahi kumiliki hata baiskeli. Visigino vya viatu vyake vilikuwa vimelika upande mmoja. Hapo hapo moyo wake ukasema: hili ni langu.

"Shikamoo, bibi. Hiyo taa imewaka tangu lini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Wiki ya pili sasa. Matairi nimejaza yote manne, haizimi."

"Wacha! Haizimi?" Akashika kichwa. "Bibi, usizime injini. Usipumue kwa nguvu. Nifungulie buti."

Tumtendee haki: kitu kimoja alikijua kweli. Zamani aliwahi kuosha magari, na huko alijifunza kwamba magari mengine yana kidude cha kupimia upepo hata ndani ya tairi la spea, lile lililolala chini ya zulia la buti. Spea likipungua, taa inawaka, na mwenye gari atajaza matairi manne mpaka yapasuke, yasimsaidie kitu. Injinia akainama, akaligusa spea kwa kidole. Limelegea. Dawa ilikuwa upepo wa dakika mbili kutoka kwa fundi wa pancha pale getini. Akarudisha zulia taratibu, akatoa rimoti.

"Bip," alisema kwa pembe ya mdomo. "Unasikia, bibi? Matairi yameoza kwa ndani."

"Maskini. Kwa ndani?"

"Kwa nje yanacheka, kwa ndani yameoza. Kama watu wengine."

"Kweli wapo," alisema bibi. Akatoa daftari la shule kwenye mkoba, akaandika: Jumatatu, mgonjwa ana upungufu wa upepo, matairi yameoza kwa ndani. Ilikuwa desturi ya kazi yake, mgonjwa bila maandishi hakuwepo. Kisha akamkatia Injinia kipande cha mkate wake na kumwuliza kama ameshakunywa chai. Injinia alikula mkate huo bila aibu yoyote, hata makombo hakuacha.

Jumanne alirudi na rimoti yake. Akapima, akatikisa kichwa, akatangaza kuwa betri inavuja nguvu na breki zimeliwa. Bibi akaandika yote mawili.

"Sasa litapona, mjukuu wangu?"

"Tuombe," alisema Injinia, na akaondoka na uso wa mtu anayetoka chumba cha mahututi.

Alhamisi asubuhi akalifungua tena buti, akainama, akabonyeza kijiti cha valvu ya spea, ssss, mpaka likabaki laini kama andazi la jana. Kisha akamwendea bibi, akavua kofia.

"Bibi yangu, nitakuambia ukweli, maana nakuheshimu kama mama aliyenizaa. Gari hili limekufa. Halijaambiwa tu."

Bibi akakaa juu ya kiti kidogo ambacho fundi wa pancha alimsogezea. Fundi huyu alikuwa mtu wa maneno machache na mikono myeusi ya mpira, na kila bibi alipopita alimtafutia kivuli.

"Limekufa," alirudia bibi.

"Siku yoyote matairi yanapasuka, breki zinakataa, unaingia mtaroni. Lakini usijali. Mimi nitalichukua nikuondolee balaa. Nitakupa bei ya mbuzi wawili, na hapo ni kwa mapenzi tu."

Alitegemea machozi, kisha funguo. Bibi akatikisa kichwa.

"Hapana, baba. Siwezi."

"Mbuzi watatu."

"Hata kumi. Nikuuzie kifo, wewe uliyekula mkate wangu? Mama yako nikamwambie nini?"

"Mimi fundi, bibi. Najua kuishi nalo."

"Hata mtu mwingine simuuzii. Nimeshaongea na watu wa vyuma chakavu. Jumatatu wanakuja na msumeno wao wa umeme walikatekate. Bora life peke yake kuliko life na mtu."

Injinia akaikunja kofia yake mkononi. Wizi wake ulikuwa umegonga kitu ambacho hakuwahi kukutana nacho kazini, yaani mtu mwenye huruma. Mwenye tamaa unamjua pa kumshika. Mwenye huruma utamshika wapi?

"Wasilikate!" alisema kwa haraka. "Ngoja, bibi. Pengine linatibika."

"Si ulisema limekufa?"

"Limezimia. Nilikuwa sijapima vizuri."

Bibi akafungua daftari, akapitisha kidole. "Matairi yaliyooza, manne. Betri inayovuja. Breki zilizoliwa. Na taa. Haya yote yakipona, mjukuu wangu, mimi nitakuwa na amani moyoni."

Sikiliza vizuri alichosema. Hakusema nitakuuzia. Lakini tamaa ina masikio yake yenyewe, na ya Injinia yalisikia funguo zikilia.

Hapo ndipo mwerevu wetu alipoingia kwenye shimo kwa ngazi aliyoichonga mwenyewe. Hakuweza kusema matairi ni mazima, maana yeye ndiye aliyeyaozesha. Hakuweza kusema betri ni nzima. Kila uongo aliousema ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wa kizahanati, na kila mmoja ulihitaji kitu cha kweli kutoka dukani. Akajifariji kwamba mtu halii akinunulia gari lake mwenyewe matairi. Ijumaa akauza televisheni. Jumamosi akauza kitanda, godoro na koti la mikutano. Fundi wa pancha, Injinia akimsaidia, akafunga matairi manne mapya, betri mpya na pedi mpya za breki, na bibi akakaa kwenye kiti chake akisoma daftari.

"Ile nati ya nyuma umeikaza, baba?"

"Nimekaza, bibi," alisema Injinia, amelala chini, mafuta yanamdondokea sikioni.

"Kaza tena kidogo. Nisije nikakosa usingizi."

Alikaza tena. Siku hizo mbili alifanya kazi halali nyingi kuliko miaka yake yote kumi na minane ya ufundi, na mwili wake uliishangaa.

Jumatatu, akihofia watu wa vyuma watafika wakati wowote, alisubiri bibi aangalie pembeni, akajaza spea upepo. Wakazunguka na gari maegesho mara mbili, bibi akiendesha, Injinia pembeni. Kwenye mzunguko wa pili taa ikazimika. Dashibodi ikawa safi.

"Imezimika!" Injinia alipiga makofi. Waliposhuka akatoa mfukoni karatasi ya mauziano, ameshaijaza yote isipokuwa saini.

Bibi akavua miwani, akaifuta. "Limepona?"

"Limepona kabisa."

"Hata nikienda safari ya siku mbili?"

"Hata ya wiki. Matairi mapya, breki mpya. Bibi, gari hili sasa ni zima kuliko mimi."

"Hatari haipo tena?"

"Haipo. Naapa mbele ya fundi huyu."

"Mungu mkubwa," alisema bibi. "Sasa kama halina hatari, mimi naliuza kwa nini?"

Fundi wa pancha akageukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Lakini bibi... tulikubaliana."

"Tulikubaliana nini, mjukuu wangu? Daftari hili hapa. Soma."

Injinia alisoma. Kulikuwa na matairi, betri, breki, tarehe na saa. Mauzo hayakuwemo. Mwishoni kabisa bibi alikuwa ameandika: Mgonjwa amepona, ametibiwa bure na kijana mwenye moyo.

"Basi nipe matairi yangu!" alifoka. "Nayafungua sasa hivi!"

"Yafungue. Ni yako, sitakuzuia." Bibi aliinua sauti kidogo, kama anayeita muuguzi kutoka chumba cha pili. "Ila nieleze kwanza. Ukiyatoa, yale yangu ya zamani yatarudi na uozo uliouona kwa kipimo chako? Au uozo haukuwepo?"

Sasa, mhasibu wa ghorofa ya pili alikuwa anapita kwenda kwenye gari lake. Akasimama. Aliposikia neno kipimo, alitazama tairi lake la mbele, ambalo lilikuwa limekaa chini na upepo wake wote wa milimani, kisha akamtazama Injinia, kisha tairi tena. Uso wake ulianza kufanya hesabu.

Injinia aliona pia. Akikubali kuwa uozo haukuwepo, atatoka pale amebebwa. Akaikunja karatasi ya mauziano, akairudisha mfukoni.

"Yaache, bibi," alisema kwa sauti ndogo. "Ni zawadi."

Ikumbukwe kwa heshima: hiyo ndiyo zawadi ya kwanza aliyowahi kumpa binadamu.

"Asante, baba. Mungu akuzidishie." Bibi akamgeukia fundi wa pancha. "Na yale manne ya zamani bado mazima. Chukua wewe, uza. Umenisogezea kiti wiki nzima."

Mhasibu alikuwa ameanza kuja, akikunja mikono ya shati. Bibi akafungua mlango wa abiria.

"Ingia, nikutoe hapa kabla hujaumizwa."

Injinia aliingia haraka kuliko alivyowahi kuingia popote. Walipofika barabarani, aligeuka kutazama nyuma mpaka kona ya pili. Kiti kilikuwa laini vile vile alivyokiota.

"Bibi. Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatano. Wewe hukuwepo. Fundi aliniuliza kama spea nalo nimelijaza, akalijaza bila kunidai kitu, taa ikazima. Alhamisi ukaja, ukafungua buti, ikawaka tena."

"Na watu wa vyuma?"

"Watu gani? Sijawahi hata kuwaona."

"Kwa nini hukunipigia kelele za mwizi siku ile ile?"

Bibi alipunguza mwendo kumpisha mama mwenye mtoto mgongoni, akampungia mkono.

"Mimi nimezalisha miaka arobaini, mjukuu wangu. Mkunga hamvuti mtu. Unakaa, unamshika mkono, unamwambia maneno mazuri, unasubiri asukume mwenyewe."

Alisimamisha gari kituoni. Akatoa nusu mkate kwenye mkoba, akamwekea mapajani, maana alisikia kwa fundi kuwa nyumbani kwa kijana huyo hakukubaki hata pa kulala. Injinia akashuka, mkate mkononi, akaubamiza mlango kwa hasira.

"Taratibu, baba," alisema bibi, akiingiza gia. "Gari la watu hilo."